Kasuku wa Kaunta

Mtaani walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kutwa nzima alikuwa akipiga pasi katika duka la dobi, na anayepiga pasi nguo za watu hujua mengi kuliko anayopaswa kujua. Jioni alirudi nyumbani na habari za kumwaga. Mumewe walimwita Bubu. Si kwamba hakuwa na ulimi. Ulimi alikuwa nao, ila nyumbani aliutumia kuonjea mchuzi tu. Majirani walicheka, wakasema nyumba ile ilipewa mdomo mmoja wagawane, mke akachukua wote.

Bubu alipofariki, mwili ukiwa umemchoka ghafla kabla ya uzee kufika, mazishini alikuja meneja wa ile hoteli alikokuwa akifanya kazi ya kuchanganya vinywaji. Alikuja na bawabu aliyebeba shada la maua. Akaombwa aseme machache. Akajikohoza, akaanza, "Kasuku ametutoka."

Watu wakatazamana. Redio alidhani meneja wa watu amekosea msiba.

"Kila siku alikuwa na kinywaji kipya," meneja akaendelea, "na kila kinywaji kilikuwa na hadithi yake. Mtu aliingia pale na majonzi, akatoka anacheka. Sijawahi kuona binadamu mwenye maneno matamu kama yule."

Kisha akamfuata Redio aliyekuwa amekaa mbele, macho yamevimba, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, dada," akasema. "Tumempoteza kaka."

Redio alilisikia hilo neno kaka, akalichukulia kuwa la heshima. Na siku ya msiba nani ana nguvu ya kusahihisha watu? "Asante, baba," akajibu, na meneja akaenda zake.

Lakini maneno matamu hayakumtoka kichwani. Yalimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Miaka yote ya ndoa yeye aliyapata wapi hayo maneno matamu? Mumewe alirudi, akala, akavuta kiti chake karibu na dirisha, akachukua kisu kidogo na chungwa. Redio akasimulia ya dukani, nani kaleta nini, nani kasahau nini mfukoni, na mume akamenya. Alianzia kitakoni mwa chungwa, akazungusha polepole, ganda likashuka hadi magotini, moja, refu, bila kukatika. Redio alijua kwamba glasi za baa hupambwa kwa maganda ya namna hiyo, kwa hiyo alijua mumewe anafanya mazoezi ya kazi. Ganda likidondoka, mume aliinuka, akasema, "Haya, tulale." Ukimuuliza habari ya kazi, nzuri. Ukimuuliza wateja walikuja, walikuja. Alipoomba amtembelee kazini walau mara moja aone anapofanyia kazi, alijibiwa, "Pale si mahali pako." Kilichokuja nyumbani kutoka baa kilikuwa vitambaa vya kufutia glasi. Hivyo Redio alivifua, akavipiga pasi, akavikunja, na vikarudi kazini vikimeta.

"Mimi nakwenda huko," akamwambia bintiye siku chache baada ya msiba.

Binti alikuwa muuguzi. Sura aliichukua kwa mama, ukimya kwa baba, na akitaka kusema jambo ungedhani anatozwa kwa neno. "Baa, mama?" akauliza.

"Baa."

"Watu watasema nini?"

"Watu wameshasema. Wamesema mume wangu alikuwa na maneno matamu. Nataka na mimi nikayaonje, kama bado yapo. Nataka kujua kama katika maneno yote yale aliwahi kusema hata moja juu yangu."

Redio akavaa viatu.

*

Baa ya hoteli ilikuwa chumba kirefu chenye feni mbili, kaunta ya mbao iliyong'arishwa na viwiko vya watu, na kioo kipana nyuma ya chupa, kiasi kwamba mnywaji hujiona anavyoharibika. Ukutani palikuwa na ubao mweusi. Juu yake chaki ilisema: LEO NI MKWE KAFIKA.

Mchana ule walikuwepo wateja wachache tu. Kwenye kigoda cha pembeni alikaa wakili mstaafu, suti imempwaya, miwani kaiweka kipajini. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke wa makamo mwenye mikono ya haraka, ambaye wote walimwita Dada.

"Karibu, mama. Unamsubiri mtu?"

"Nimekuja kunywa."

"Nikupe soda?"

"Nipe hicho cha ubaoni. Ila kidogo. Mimi si mzoefu, nisije nikakuimbia."

Dada akacheka. Huku akikamua ndimu akaeleza taratibu za pale. Vinywaji vyote vya ubaoni viliachwa na Kasuku, fundi wake aliyemfundisha kazi tangu alipoajiriwa pale miaka kumi na tano iliyopita, Mungu amlaze pema. Kila siku kimoja, na hakirudiwi mpaka mzunguko mzima uishe. Tena kuna sharti. Akaweka glasi mbele ya Redio, lakini vidole viwili akavibakiza kwenye kitako chake.

"Glasi haiachiwi mpaka hadithi iishe," akasema. "Ndivyo alivyotaka mwenyewe. Anayetaka kunywa tu, maduka ya chupa yako kibao."

Ilikuwa pombe ya jini kidogo, tangawizi, ndimu na barafu, na mdomo wa glasi umezungushiwa chumvi. Dada akasimulia. Palikuwa na mke mgeni, hata meko bado hajayazoea. Mama mkwe akaja bila taarifa, na majirani zake nyuma, amekuja kuwaonyesha jinsi mwanawe alivyooa. Mke kwa kiwewe akatia chumvi kwenye chai akidhani ni sukari. Majirani walikuwa bado wanapuliza vikombe vyao. Mama mkwe akapiga funda, macho yakamtoka. Akaona akitema ameumbuka yeye, maana ndiye aliyesifia. Akawaambia wenzake, "Nyie chai ya mkwe wangu hamuijui, lete hapa," akavikusanya vikombe vyote mbele yake, akavimaliza kimoja baada ya kingine.

Wakili akagonga kaunta kwa kicheko, ingawa bila shaka hadithi ile alikwisha kuisikia mara nyingi. Redio akacheka kuliko wote. Kisha akajikuta hachelewi kulia, akainamisha uso kwenye glasi.

Chai ile ilikuwa yake. Jiko lilikuwa lake. Na mama mkwe yule, ambaye tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina lolote ila mwanangu, ndiye aliyemzaa Bubu. Redio alimsimulia mumewe kisa hicho jioni ile ile, akitetemeka, na mume akamenya chungwa mpaka mwisho, akasema haya, tulale.

"Hadithi hii aliitoa wapi?" akauliza.

Dada akatabasamu, akaachia glasi. "Kila mgeni huuliza hilo. Kuna kinywaji cha mwisho katika mzunguko, ndicho chenye jibu. Mpaka siku yake ifike hatusemi."

Chumvi ilimchoma midomo. Akanywa yote.

*

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Akitoka kupiga pasi alipitia nyumbani kubadili nguo, kisha moja kwa moja hotelini. Vingine havikumpendeza mdomoni, kimoja cha wiski alikisukuma kando na kusema afadhali dawa ya kikohozi. Lakini hadithi alizijua zote. Alikaa pale kama mtu anayekuta samani zake sebuleni kwa jirani.

Siku moja ubaoni paliandikwa GAUNI LA BLUU. Glasi ilikuwa ya bluu kama anga baada ya mvua. Dada akasimulia juu ya mwanamume aliyefiwa na mkewe, ambaye kila mwezi huleta gauni la marehemu kwa dobi lifuliwe na kupigwa pasi, ingawa hakuna wa kulivaa. "Na mpaka leo," Dada akamalizia kwa sauti ya chini, "bado analipeleka."

"Halipeleki," Redio akasema.

Wakili akageuza shingo.

"Aliacha. Mara ya mwisho aliyelileta ni mke mpya, kalivaa tayari, anataka lipunguzwe kiunoni. Ndivyo ilivyokwisha."

"Nani kakwambia, mama?" Dada akauliza.

"Ni hadithi, kila mtu ana mwisho wake," Redio akajibu, akaivuta glasi. Lakini moyoni alikuwa anamgombeza mumewe. Kwa nini aliukata mwisho? Mwisho ndio wenyewe. Yule mwanamume hakuwa mtakatifu, na yeye Redio ndiye aliyelipunguza lile gauni. Mwisho alimwambia Bubu wazi kabisa, tena akaurudia mara mbili.

Kisha ikaja siku ya PETE MBILI, glasi yenye slaisi mbili za ndimu zinazozunguka juu. Dada akasimulia kuhusu suruali ya bwana harusi iliyoletwa kupigwa pasi asubuhi ya harusi, na mfukoni mkakutwa pete mbili za kike zilizofanana, zenye majina mawili tofauti ya wanawake. Mpiga pasi akazirudisha mfukoni, akakunja suruali, akaikabidhi. Bwana harusi akamtazama, naye akamtazama, na hakuna aliyesema kitu.

Redio akashika ukingo wa kaunta. Kisa hicho hakumwambia mtu. Bosi wake hakujua, wala shoga zake, wala binti. Alikibeba hadi nyumbani kama kaa la moto, akamwambia mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa ameinamia chungwa.

Kwa hiyo alikuwa anasikiliza.

Jioni hiyo alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, na ukweli ni kwamba alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza tangu azike mume alihisi amezika mtu aliyemjua. Akafuta vumbi kile kiti cha dirishani. Akakiomba radhi. "Nilikuita gogo," akakiambia. "Nilikuita kisiki. Kumbe masikio yako yalikuwa wazi, mzee wangu, na mimi sikuona." Binti alikuwa mlangoni amevaa sare ya kazini. Redio akamshika mabega, akamweleza kila kitu tangu chumvi hadi pete. Binti akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema amechelewa zamu.

Kuanzia hapo Redio hakwenda tena kutafuta kama yumo. Alijua yumo. Alikuwa anamngoja mwenyewe amtaje. Mtu anayebeba chai ya mkewe, gauni la mkewe na siri ya mkewe, lazima mahali fulani aseme huyu mke ni nani. Ikafika siku Dada akafuta ubao, akasema, "Mama, kesho usikose. Kesho ndiyo cha mwisho, kile chenye jibu. Watu huja kwa ajili yake, baa hujaa."

"Kinaitwaje?"

"Wa Nyumbani."

Redio akakaa kimya, jambo ambalo wanaomjua wasingeliamini. Wa nyumbani! Mtu huweza kuishi mwaka mzima kwa neno kama hilo.

*

Alivaa gauni lake la sherehe. Alilipiga pasi yeye mwenyewe, mishono ikakaa sawa kama ya kununuliwa. Binti alimtazama akijipaka mafuta mikononi, akauliza, "Unataka nije?" Kwake hiyo ilikuwa hotuba nzima. Redio akamwambia hapana, hili la leo ni la baba yako na mimi.

Baa ilikuwa imejaa kweli. Meneja naye alishuka, kasimama karibu na mlango, mikono nyuma. Wakili alimwachia Redio kigoda chake. "Mama, hiki ndicho chenyewe," akamnong'oneza. "Hiki ndicho kilichonifundisha kumsikiliza mke wangu. Mie nilikuwa mtu wa magazeti, mama. Anaongea, mie nasoma. Tangu nilipokisikia kwa mara ya kwanza, gazeti naliweka chini."

Dada alimenya chungwa mbele ya wote, akianzia kitakoni. Ganda likashuka zima, akalizungusha ndani ya glasi. Akamimina wiski, akatia barafu, kisha akatikisa matone machungu ya viungo kutoka kwenye kichupa. Sukari hakutia. Akaisogeza glasi mbele ya Redio kwa heshima ya ugeni wake, vidole viwili vikabaki kwenye kitako.

"Hii aliisimulia kwa mdomo wake mwenyewe," Dada akasema, "na mimi naisema kama alivyoisema. Alikuwa anaanza hivi. 'Nilikuwa na mke.'"

Redio alikuwa bado akitabasamu. Neno lilikuwa limeshapita sikioni, ila moyoni halijatua.

"'Alikuwa anapiga pasi nguo za watu, na kila jioni alirudi na dunia nzima mfukoni. Yeye anasema, mimi namenya chungwa. Namenya taratibu, maana niligundua kwamba ganda likianguka naye hunyamaza. Nikajifunza kumenya bila kukata, ganda moja refu, ili aendelee. Sikuwahi kumwambia anasema vizuri. Sikuwahi kumwambia kwamba kutwa nzima kazini nangoja jioni. Nilidhani muda ninao. Siku moja akashikwa na homa, siku chache tu, akaenda. Hadithi zote mlizokunywa hapa ni zake. Mimi ni kasuku, narudia tu.'"

Feni zilisikika. Wakili alikuwa ameshavua miwani. Dada akaachia kitako cha glasi, na watu wote wakainua zao.

"Kwa marehemu!" wakasema.

Wote walikunywa, isipokuwa marehemu.

Alikuwa anaitazama glasi. Ganda lilielea mle ndani, refu, bila kukatika. Hasira ikapanda kutoka miguuni, ikafika kifuani, na ilipofika mdomoni ilimkuta mtu asiyejua kunyamaza.

"Alikufa lini?" akauliza.

"Zamani, mama. Kabla mimi sijaanza kazi hapa."

Redio akakumbuka. Dada alishasema ana miaka kumi na tano pale, yaani alianza kabla binti hajaingia sekondari. Kwa hiyo miaka yote ile alipoomba aje kumtembelea, akaambiwa pale si mahali pako, alikuwa anaambiwa kweli tupu. Maiti haipelekwi baa.

"Hakufa," akasema kwa sauti. "Mke wake ndiye mimi. Nipo. Chai ya chumvi niliipika mimi. Gauni nililipiga pasi mimi. Alinizika nikiwa hai, akanililia mbele yenu, kisha akaja nyumbani akala chakula nilichopika na hakusema hata kimetiwa chumvi kiasi!"

Watu walimtazama kama walioona mtu amemwaga kitu msikitini au kanisani. Mwanamke mmoja meza ya nyuma akasema, "Jamani, kimempanda kichwani." Mwingine akasema, "Mleteeni maji."

Meneja akaja haraka, uso umejaa huruma, akamshika kiwiko. "Ndugu wateja, tumsamehe," akasema. "Huyu ni dada yake Kasuku. Mimi mwenyewe nilimpa pole mazishini, akapokea. Msiba umemchanganya, ni hali ya kawaida." Akamgeukia. "Siyo, dada?"

Na Redio akakumbuka jinsi alivyoitikia. Asante, baba. Kwa mdomo wake.

"Mama," wakili akasema kwa upole wote, machozi bado yako shavuni, "mimi nakuheshimu. Lakini tumheshimu na marehemu. Yule mwanamke alikuwa mtu wa pekee."

Wakampa maji. Akayanywa yote. Kisha akasimama, akachukua mkoba wake, na watu wakampisha kwa adabu, kama wanavyompisha mgonjwa.

*

Dada alimkuta nje, kwenye ngazi za nyuma zinakotoka ndoo za barafu. Alikuwa amekuja mbio, kitambaa cha glasi bado begani.

"Mimi nakuamini," akasema. "Tangu siku ya gauni nilikuwa na wasiwasi. Na ulivyonitazama nikimenya."

"Alianzia kitakoni."

"Alianzia kitakoni, mama."

Wakasimama. Ndani watu walikuwa wameanza tena kuongea.

"Mbona hukusema, mbele yao?"

Dada akaangalia viatu vyake. "Ningesema nini? Watu wa humu wanampenda yule. Wakijua yupo hai, anapiga pasi hapa hapa mjini, hawatajua wayafanye nini mapenzi yao. Samahani, mama. Ni vibaya, najua."

"Kwa nini alifanya vile?"

"Sijui. Nadhani siku moja mteja alimuuliza hadithi anazitoa wapi. Akaona haya kusema ni za mke wangu, watamcheka, mwanamume mzima anamsifia mke wake baa. Akasema za marehemu mke wangu. Wakalia badala ya kucheka. Basi, ukishamzika mtu utamfufuaje?"

"Kwa hiyo nilikufa kwa sababu aliona haya."

Dada akazisogeza kando ndoo za barafu.

"Alipoisimulia," Redio akauliza, "alikuwa analia?"

"Kila mara."

"Machozi kabisa?"

"Machozi, mama. Mpaka anajifuta kwa hiki." Akagusa kitambaa begani.

Redio akakitambua mkunjo. Ulikuwa wake, pembe kwa pembe, kisha mara tatu. Vitambaa vile vilirudi nyumbani, na yeye akaviloweka, akavifikicha, akavianika. Miaka yote alikuwa akifua machozi ya kifo chake mwenyewe, na sabuni akinunua yeye. Akataka kucheka, maana ni kichekesho, tena kile ambacho angekileta nyumbani jioni na kukisimulia mpaka ganda liishe. Hakikutoka.

"Ningekufa kweli ningefaidi," akasema, akashuka ngazi.

*

Binti alikuwa nyumbani, anakunja nguo zilizoanuliwa. Jua lilikuwa bado halijazama na chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha. Redio akakaa, si kitandani, si kwenye kochi. Alikaa kwenye kiti cha dirishani ambacho hakuwahi kukikalia.

"Ulikuwepo?" binti akauliza. "Katika hadithi?"

"Nilikuwepo."

Akamsimulia. Akaanza na gauni la sherehe, akaja kwa wakili na gazeti lake, akaja kwa ganda la chungwa na kwa nini lilikuwa refu. Binti alikunja shuka, akakunja taulo, akakunja sare. Mikono yake ilikwenda polepole, ikafikia foronya ya mwisho, ikaikunja, ikaikunjua, ikaanza kuikunja upya. Redio akaiona ile mikono. Akakata maneno katikati.

"Unanisikia?"

Katika ndoa yake yote hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

"Nakusikia, mama."

"Basi sema neno. Lolote. Sema sasa, nikiwa hapa."

Binti akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa maji. Alifungua mdomo, na Redio akaegemea mbele kwenye kiti, mikono magotini. Lakini binti alikuwa mtoto wa baba yake. Midomo ilitikisika, ikafunga, foronya ikaanguka miguuni.

"Nangoja," mama akasema. "Sina homa. Nangoja."